Mafuta yaliyomo ndani ya maji ya karafuu, na namna ya kuyatoa

Anayepika makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kwa mvuke ili atoe mafuta hupata maji mengi kuliko mafuta, kwa sababu mvuke ukipozwa hugeuka maji yanayotoka pamoja na mafuta. Mtambo wa kilo 200 za makonyo makavu, ukipikwa saa 12 kwa kasi ya lita 25 kwa saa, hutoa lita 300 za maji, na makonyo yakiwa mazuri, kilo 10 hivi za mafuta. Mafuta yanahifadhiwa, maji yanaachiwa mtaroni. Yanateremka bondeni kwenye mpunga, na kwa jinsi Pemba ilivyokaa, bonde likiisha huwa umeshafika mikokoni.

Maji hayo si ya kumwagwa. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, nayo ina tabia ambayo mafuta mengi ya mimea hayana: huyeyuka kwenye maji kwa kiasi cha kuonekana, gramu 2 hadi 2.5 kwa kila lita kwenye joto letu la kawaida. Lita 300 zinaondoka na gramu 600 au zaidi, mbali na matone madogo yanayoelea ndani yake na kuyapa maji weupe. Kwenye makonyo hiyo ni hasara ya asilimia 6. Kwenye majani ni mbaya zaidi, kwa sababu mafuta yenyewe ni kidogo. Kilo 200 za majani zinazotoa kilo 4 za mafuta kwa lita 200 za maji zinaacha gramu 400 majini, yaani sehemu moja ya kumi.

Upande wa pili ni samaki. Mafuta ya karafuu ni dawa ya kulevya samaki. Wafugaji wa samaki huyatumia kwa makusudi, miligramu 25 hadi 100 kwa lita ya maji, ili samaki atulie wakati wa kupimwa au kusafirishwa. Lita moja ya maji yanayotoka mtamboni, yenye gramu 2, inatosha kuweka lita 40 za maji ya bahari kwenye kiwango hicho. Ukiachia mamia ya lita kwenye mkondo mdogo wakati maji yamekupwa, vidagaa vya mikokoni havina pa kukimbilia.

Mwongozo huu ni wa mitambo midogo na ya kati ya Pemba na Unguja inayopika makonyo au majani ya mkarafuu kwa kuni. Kiwanda kikubwa chenye boila, yaani tangi la kuzalisha mvuke kando ya chungu, kama kile cha makonyo cha Wawi, Pemba, kina mahitaji mengine, ingawa kanuni ni zilezile.

Wazo lenyewe

Wengi wakisikia kuwa mafuta yamo ndani ya maji huwaza kuyachemsha maji hayo peke yao ili yatoe mafuta. Inawezekana, lakini fanya hesabu kwanza. Lita 1,000 kuzipandisha kutoka joto la 30 hadi 100 na kisha kuvukiza robo yake kunahitaji megajuli 850 hivi za joto. Kuni kavu zina megajuli 15 kwa kilo, na jiko zuri la kuni linaingiza theluthi yake tu kwenye maji. Utachoma zaidi ya kilo 150 za kuni kwa ajili ya kilo moja na nusu hadi mbili za mafuta. Kwa kisiwa kinachohangaikia kuni, huo si mpango.

Kinachofaa ni kukumbuka kwamba kesho utahitaji maji ya kupikia vilevile, na kuni za kesho utazichoma hata kama maji ya jana umeyamwaga. Basi maji ya karafuu ya leo ndiyo yawe maji ya kupikia ya kesho. Mafuta yaliyoyeyuka ndani yake yatapanda na mvuke mapema kabisa, kwa sababu yujenoli iliyo ndani ya maji yanayochemka hukimbilia kwenye mvuke kwa wingi kuliko maji yenyewe. Hulipi kuni hata moja ya ziada. Na maji hayatajaa mafuta bila mwisho, kama baadhi ya watu wanavyohofia: yakishafika gramu 2 au 2.5 kwa lita hayawezi kubeba zaidi, na kinachozidi kinadondoka kama mafuta kwenye kitenganishi, yaani chombo kinachopokea maji na mafuta na kuyaacha yajitenge. Hapo ndipo unapotaka kidondoke.

Faida ya ziada kwa walio kwenye maeneo ya mawe ya matumbawe, hasa Unguja: maji yaliyopita kwenye mvuke hayana chokaa. Chungu kinachopikiwa maji yaleyale hakigandi magamba chini kama kinachojazwa maji ya kisima kila siku.

Pima kwanza

Kabla ya kununua hata koki moja, jua mtambo wako unapoteza kiasi gani. Chukua chupa ya glasi ya lita moja yenye shingo nyembamba. Tia mililita 700 za maji yanayotoka kwenye kitenganishi, tia gramu 175 za chumvi safi ya mezani, funga, tikisa mpaka chumvi yote iyeyuke, kisha iache imesimama hadi asubuhi. Mafuta yatapanda juu. Halafu mimina taratibu maji yaliyokolea chumvi, yaani yaliyotiwa chumvi mpaka haiyeyuki tena, yapitie ubavuni mwa chupa, mpaka tabaka la mafuta liingie shingoni. Livute kwa bomba la sindano la mililita 2 na usome. Zidisha mililita ulizosoma kwa 1.5, utapata gramu za mafuta kwa lita. Chumvi haitoi yote, kwa hiyo kilichomo kwa kweli kinazidi kidogo hapo.

Ukipata 2 hadi 2.5, kitenganishi chako kinafanya kazi na kilichobaki ni mafuta yaliyoyeyuka. Ukipata 4 au 6, tatizo liko kabla ya hapo: matone mazima yanatoroka, na dawa yake ni kipozeo, yaani bomba linalopoza mvuke uwe maji, na kitenganishi, sehemu mbili zinazofuata.

Angalia jambo moja kwenye kipimo hiki, maana linawachanganya watu. Mafuta ya karafuu kwenye maji matupu huzama, kwa sababu lita yake ina uzito wa kilo 1.04 hadi 1.06. Kwenye maji ya chumvi nyingi yanaelea, kwa sababu sasa maji ndiyo mazito. Na katikati, penye gramu 70 hadi 100 za chumvi kwa lita, uzito wa maji na wa mafuta unakaribiana, na matone hayapandi wala hayashuki. Yanabaki yamening'inia siku nzima. Mtu aliyesikia kwamba chumvi hutoa mafuta akatia kidogo kidogo kwa kubana matumizi hujikuta hapohapo, akaona maji meupe kuliko yalivyokuwa, akasema chumvi haifai.

Kwa sababu hiyohiyo usiruhusu maji ya bahari yaingie kwenye kitenganishi. Hata yenyewe tu, yenye kilo 1.025 kwa lita, yanapunguza kwa kiasi kikubwa ile tofauti ndogo ya uzito inayoyafanya mafuta yazame.

Kipozeo

Maji na mafuta yakitoka kwenye kipozeo yawe na joto la 32 hadi 38. Tumia kipimajoto, mkono unadanganya. Yakizidi 45, mafuta yanapotea hewani, na mtaa mzima unanukia fedha yako. Halafu maji moto hubeba mafuta mengi zaidi yaliyoyeyuka, na yakija kupoa ndani ya kitenganishi, mafuta hayo hujitokeza kama vitone vidogo mno visivyozama haraka. Weupe ule kama maziwa mara nyingi chanzo chake ni hicho.

Kupoza hadi chini ya 30 kwa maji ya visima vyetu, ambayo yana joto la 27 au 28, ni kazi bure. Utamaliza maji mengi kwa faida ndogo.

Lita 25 kwa saa zinataka maji ya kupozea lita 500 kwa saa, yakiingia na joto la 28 na kutoka na 58. Yaingie chini ya kipozeo na kutoka juu, kinyume na mwendo wa mvuke. Hayo hayana mafuta, ni safi. Yazungushe kwenye tangi kubwa lililo wazi kivulini yapoe na yatumike tena. Usiyachanganye na maji ya karafuu hata siku moja, maana ukishayachanganya umejitengenezea uchafu mara ishirini ya ule uliokuwa nao.

Moto ukiwa mkubwa kuliko kipozeo, utaona mvuke unafuka kwenye mdomo wa bomba. Punguza kuni. Kupika saa 10 kwa moto mkali kunakupa mafuta machache kuliko saa 12 kwa moto wa kiasi.

Kitenganishi

Kwa lita 25 kwa saa tengeneza chombo cha lita 50 cha chuma kisichoshika kutu, kipenyo sentimita 35, chini kiwe kimechongoka kama faneli na koki ya kutolea mafuta. Ukubwa huo unayapa maji saa mbili ndani yake, na tone lenye unene wa sehemu 4 za mia za milimita linapata muda wa kuzama.

Bomba la kuingizia lishuke ndani mpaka katikati ya chombo, na ncha yake ikunjwe itazame juu au ifunikwe na kisahani, ili maji yanayoingia yasichimbue mafuta yaliyokwishatulia. Bomba la kutolea maji liwe karibu na juu, lakini mdomo wake wa ndani ushuke sentimita 5 chini ya uso wa maji. Sababu yake ni kwamba si mafuta yote ya karafuu yanazama. Mna sehemu iitwayo kariofilini, nyepesi kuliko maji, na kwenye mafuta ya majani huwa nyingi. Baadhi ya matone yenye kariofilini nyingi huelea na kufanya utando juu. Bomba likiwa juu kabisa, utando huo unaondoka na maji. Likiwa limezama, unabaki, nawe unaukusanya kwa upawa mwishoni mwa mpiko.

Mfuniko usizibe kabisa. Acha tundu la kupumulia la sentimita 2. Kitenganishi kilichozibwa kikiungana na chungu kinachochemka ni bomu.

Kuhusu vifaa: chuma cha kawaida kinaifanya yujenoli iwe nyeusi ya zambarau, na mnunuzi akiiona rangi hiyo bei inashuka. Mabati ni hivyohivyo. Mpira wa kawaida unavimba, mipira laini ya plastiki ya kuonesha ndani inakuwa migumu na kupasuka, na vyombo vya plastiki ngumu nyepesi kama vikombe vya kutupa vinayeyuka kabisa. Penye mafuta yenyewe tumia chuma kisichoshika kutu au glasi. Penye maji ya karafuu, ambayo yana mafuta kidogo, madramu ya plastiki nzito ya bluu yanavumilia, lakini dramu likishaingia kazi hii lisirudi kwenye maji ya kunywa. Harufu haitoki.

Kuyatuamisha usiku

Hapa ndipo wengi hupoteza bila kujua. Wana madramu ya lita 200, wanayasimamisha, wanayajaza maji ya karafuu, na asubuhi yake maji bado meupe. Tone la sehemu 2 za mia za milimita huzama kwa sentimita 6 kwa saa. Tone la sehemu moja ya mia huzama sentimita moja na nusu tu. Ndani ya dramu lililosimama, lenye kina cha sentimita 85, tone dogo linahitaji siku mbili na zaidi, na mwendo wowote wa joto ndani ya maji unalirudisha juu.

Kwa hiyo kina ndicho kibaya. Chukua madramu mawili ya bluu, yapasue kwa urefu, utapata mabeseni manne yenye kina kisichofika sentimita 30. Manne yanatosha lita 300 bila kujaa hadi ukingoni. Toboa tundu kwenye sehemu ya chini kabisa ya upande mmoja, tia koki, na upande wa pili uinue kwa tofali ili mteremko uwe sentimita 5. Umbo la mviringo linayasukuma mafuta kwenye mstari mmoja chini, nao mteremko unayaleta kwenye koki. Funika kwa mbao na kitambaa; usiku maji yasitikiswe, na vumbi na majani yasiingie.

Asubuhi fungua koki taratibu. Yatatoka mafuta, kisha maji meupe mazito, kisha maji maangavu. Mafuta na yale meupe yaweke kwenye chupa kubwa ya glasi. Yaliyobaki mazuri yanaingia chunguni. Ile sehemu nyeupe inayong'ang'ania, ambayo huwa lita moja au mbili tu, hapo ndipo chumvi ina kazi: gramu 250 kwa lita, uisubiri, mafuta yaelee. Ni kilo nusu ya chumvi, si gunia.

Kuyarudisha chunguni

Zipo njia mbili, na uchague kulingana na mtambo ulivyojengwa.

Njia nyepesi ni ya asubuhi. Chukua chungu chenye kipenyo cha mita 1.2 na wavu wa kuwekea makonyo ulioinuliwa sentimita 45 kutoka chini. Kwa mpiko wa lita 300 kinahitaji lita 380 za maji, ambazo zinafika sentimita 34. Zile 80 za ziada ni za kulinda chungu kisikauke mwishoni. Mpiko wa kwanza wa msimu tumia maji ya kawaida. Baada ya hapo rudisha lita 300 za maji ya karafuu juu ya zile 80 zilizobaki, jaza makonyo, washa. Basi. Nusu saa ya kwanza utaona mafuta yanaanza mapema kuliko ulivyozoea. Ni yale ya jana.

Maji yasiguse makonyo. Yakiyagusa, ukakasi na rangi ya makonyo huingia kwenye maji, povu linapanda, na moto ukizidi povu hilo linavuka hadi kwenye kipozeo. Maji ya kahawia kwenye kitenganishi maana yake ni hiyo. Punguza moto, acha yapite, na usirudishe maji hayo ya kahawia mpaka uyatuamishe peke yake.

Njia ya pili ni ya mzunguko. Maji yanayotoka kwenye kitenganishi yanarudi yenyewe chunguni kwa bomba wakati mpiko ukiendelea. Uzuri wake ni kwamba maji yaliyo nje ya chungu huwa ni zile lita 50 za kitenganishi tu, kwa hiyo mwisho wa siku mafuta yaliyoyeyuka ni gramu 100 hadi 125 badala ya 600 au zaidi, na chungu kinaanza na maji machache. Ubaya wake ni kwamba ujenzi lazima uwe sahihi.

Ndani ya chungu mna msukumo wa mvuke, nao ukizidi uzito wa maji ndani ya bomba la kurudishia, maji hayarudi. Mita moja ya maji yaliyosimama bombani inashindana na msukumo wa sehemu moja ya kumi ya baa, kipimo cha msukumo. Makonyo yaliyoshindiliwa vizuri yanaweza kuupandisha msukumo hadi nusu ya hapo. Kwa hiyo mdomo wa maji wa kitenganishi uwe juu ya uso wa maji ya chungu kwa mita 1.2 au zaidi, na bomba likunjwe chini kwa umbo la U kabla ya kuingia chunguni, liingie chini ya wavu, ndani ya maji. Ile U lazima ijazwe maji kabla ya kuwasha moto. Ikiwa tupu, mvuke unapita humo, unatokea kwenye kitenganishi na kumuunguza aliyesimama karibu. Weka koki kwenye bomba hilo, na kioo cha kuonesha kina cha maji kwenye ubavu wa chungu.

Kama sakafu ya mtambo wako haina urefu huo, usilazimishe kwa pampu ndogo. Pampu inayapiga maji na kuyavunja matone yakawa madogo zaidi. Rudi kwenye njia ya asubuhi. Inakupa karibu matokeo yaleyale kwa ndoo na mikono miwili.

Wenye boila wasitie maji haya ndani ya boila kwa hali yoyote. Yana asidi kidogo na mabaki ya mimea. Yanafanya povu na yanakula chuma.

Mpiko wa mimea tofauti utenganishwe. Maji ya karafuu yakitumika kupikia mchaichai, mafuta yote ya mchaichai yatanuka karafuu na hakuna atakayeyanunua kama mchaichai. Andika kila beseni kwa rangi isiyofutika.

Mafuta unayoyapata

Mafuta yaliyotoka majini hayafanani kabisa na yaliyotoka moja kwa moja. Kariofilini haiyeyuki majini, kwa hiyo kinachotoka ni karibu yujenoli tupu. Kwa mafuta ya makonyo, ambayo yenyewe huwa na yujenoli asilimia 89 hadi 95 na hununuliwa kwa ajili hiyo, kuchanganya hakuharibu kitu. Kwa mafuta ya karafuu zenyewe, ambayo mnunuzi anatafuta harufu kamili, yaweke kando na uyauze kwa jina lake. Mchanganyiko usiosemwa hujulikana maabara, na jina lililoharibika halirejeshwi kwa mtambo. Ukiwa na shaka, peleka sampuli ikapimwe.

Yakishakusanywa, yaache siku nzima kwenye glasi, ondoa maji yaliyo juu, kisha tia chumvi kavu ya mawe gramu 20 kwa lita, tikisa, acha saa mbili, na chuja kwa pamba kavu. Mafuta yenye maji yana ukungu. Yakiwa makavu yanang'aa. Jaza chombo hadi shingoni, kwani hewa inayabadilisha rangi, na kiweke gizani.

Vaa glavu zisizo za mpira wa kawaida, na miwani. Yujenoli inaunguza ngozi na inaumiza macho vibaya. Ikikumwagikia mkononi, futa kwa mafuta ya kupikia kwanza, kisha osha kwa sabuni. Maji peke yake hayaiondoi. Machoni suuza kwa maji mengi kwa robo saa na uende hospitali.

Maji ya karafuu yanayosubiri yasikae zaidi ya siku tatu au nne. Yakikaa sana yanakuwa ya njano, kisha ya kahawia, na harufu yake inaingia kwenye mpiko unaofuata.

Mambo tusiyoyashauri

La kwanza ni chumvi kwa maji yote. Lita 1,000 zinataka kilo 250 za chumvi ili kutoa kilo mbili za mafuta. Chumvi ya mashamba ya Pemba ni rahisi kupatikana, na ndiyo sababu watu wanashawishika. Lakini mafuta yakitoka unabaki na lita elfu za maji makali ya chumvi yasiyofaa kitu. Ukiyamwaga yanaua mpunga na yanapenya kwenye visima, na udongo ulioingia chumvi hautengenezeki kwa msimu mmoja.

La pili ni mkaa wa vifuu kama njia ya kuvuna. Mkaa amilifu, uliotengenezwa kwa mvuke kiwandani, unaishika yujenoli vizuri, na inaweza kutolewa kwa kostiki soda ya asilimia 4 ya moto, kisha asidi ikarudisha pH, kipimo cha ukali wa asidi, hadi 6 na mafuta yakajitenga. Kilo moja ya yujenoli inataka gramu 250 hadi 300 za kostiki na lita 7 na nusu za maji. Lakini kila mzunguko mkaa unashika kidogo kuliko uliopita, na mkaa wa vifuu uliochomwa nyumbani unashika kidogo tangu mwanzo. Utumie kama chujio la mwisho kwa maji machache unayolazimika kuyaachia, ukiwa umepondwa punje za milimita 1 hadi 3, na ukishatumika uchomwe jikoni mwa mtambo.

Maji ya mwisho wa msimu, na maji ya chunguni

Siku ya mwisho utabaki na lita 300 zisizo na mpiko wa kuzipokea. Hapo tu ndipo inafaa kuzichemsha peke yake. Tia chunguni bila makonyo, vukiza robo ya kwanza, lita 75, na usimamishe. Robo hiyo inabeba sehemu kubwa ya mafuta yote. Kuni zake ni kilo 50 hivi, nazo ziwe makonyo yaliyokwishapikwa na kuanikwa juani, yanayowaka vizuri. Pima mabaki kwa chupa na chumvi kama mwanzo.

Maji ya chini ya chungu ni kitu kingine. Hayana mafuta ya kuvuna, ila yana rangi nzito na ukakasi, na ukiyarudia sana yanaanza kutoa povu hata kwa moto mdogo. Yabadilishe kila baada ya mipiko mitatu. Yaache yapoe, yamimine kidogo kidogo kwenye shimo la mboji pamoja na majani makavu na samadi, mbali na kisima na juu ya kiwango cha mafuriko ya bonde. Usiyamwagie miche, inaungua.

Kabla ya kuchimba shimo hilo au kuelekeza mtaro wowote, wasiliana na ZEMA, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, inayofanya kazi chini ya Sheria Namba 3 ya mwaka 2015. Nenda na daftari la mtambo lenye mistari minne kwa kila mpiko: lita zilizoingia chunguni, lita zilizotoka, mafuta ya kitenganishi, na gramu kwa lita zilizosomwa kwenye chupa.